Filamu za vita ambazo steringi hana kinga: zipi zinamwonyesha askari wa miguu kama alivyo?

Handaki la Pili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu hauhusu zile picha za jamaa kifua wazi anayefyatua rashasha kwa mkono mmoja huku maadui hamsini wakimkosa kwa hatua tatu. Hizo zina wapenzi wake, na mimi mwenyewe huziangalia nikiwa nimechoka kufikiri. Leo tuongelee aina nyingine: filamu za askari wa kawaida wa miguu, mwenye cheo cha chini kabisa, yule anayebeba mzigo, anayechimba shimo la kulala, anayeambiwa "sogea pale" bila kuelezwa kwa nini.

Hoja yangu ni hii. Tukisema filamu ya vita ina uhalisia, wengi wetu tunamaanisha damu. Mguu umekatika, utumbo uko nje, basi tunasema hiki ndicho kitu chenyewe. Mimi naona damu ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Ukiwa na fedha na fundi mzuri wa vipodozi unaipata. Kazi ngumu ni kumfanya mtazamaji aone jinsi askari asivyoona. Hajui risasi imetoka wapi, hajui kombania jirani imefika wapi, hajui kama waliokuwa upande wake wa kushoto bado wapo. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni adui: kadiri anavyoonekana vizuri kwenye skrini, ndivyo ninavyoanza kuishuku filamu.

Na hili lina sababu zake. Tangu bunduki zianze kupiga mbali na rashasha ziingie vitani, mtu anayesimama wima uwanjani ni marehemu. Kila mmoja anajificha, pande zote mbili. Uwanja wa mapigano unakuwa mtupu, vumbi na vichaka tu, na vifo vinatoka humo humo kwenye utupu. Sasa mwongozaji gani anataka kulipia saa mbili za vichaka? Ndiyo maana anawaleta maadui karibu, wanakimbia wima, wanaanguka kwa mpangilio.

Angalieni Kajaki, ya Uingereza, mwaka 2014. Imetokana na tukio la kweli la Septemba 2006 mkoani Helmand, Afghanistan. Askari wachache wa kikosi cha parachuti wanalinda kilima juu ya bwawa la Kajaki. Wadunguaji wanateremka bondeni kwenda kushughulikia kizuizi cha barabarani cha Taliban, mmoja anakanyaga bomu la kutegwa ardhini lililobaki tangu enzi za jeshi la Kisovieti. Wenzake wanateremka kumwokoa, na ndipo inajulikana kuwa wote wamesimama katikati ya uwanja wa mabomu. Kuanzia hapo hakuna mapigano kabisa. Kuna wanaume wamekaa kwenye changarawe, jua linawachoma, kila mmoja anaogopa kusogeza unyayo, na mwenzao anapiga kelele mita chache tu kutoka walipo. Chupa ya maji inarushwa kwa mkono na unajikuta unaomba isidondoke vibaya. Helikopta inakuja, lakini haina winchi ya kuwavuta, na upepo wa pangaboi lake unaongeza balaa. Katika tukio lenyewe watatu walipoteza mguu mmoja mmoja na koplo mmoja akafa. Filamu hii niliimaliza nikiwa nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu.

Ya pili ni Hamburger Hill ya 1987. Mwandishi wake alipigana Vietnam. Ni Mei 1969, kilima kinachoitwa 937 kwenye ramani, na askari wa Divisheni ya 101 ya Marekani wanapanda, wanarudishwa, wanapanda tena, kwa siku kumi. Mvua inanyesha, udongo unageuka utelezi, watu wanapanda kwa magoti wakishika mizizi. Kuna wakati helikopta zao wenyewe zinawapiga kwa makosa. Wahusika ni wengi na wanafanana kwa matope, unachanganya majina, na wengine wanaona hiyo ni dosari. Kwangu ndiyo nguvu yake: humjui steringi ni nani, hivyo huwezi kujipa moyo kwamba fulani atabaki. Kilima kilitekwa tarehe 20 Mei. Wiki chache baadaye jeshi likakiacha.

Saving Private Ryan (1998) lazima itajwe, najua. Zile dakika zaidi ya 20 za mwanzo, kutua kwenye ufukwe wa Omaha, Ufaransa, Juni 1944, zinastahili sifa zote. Hazikupigwa picha Ufaransa, zilipigwa Ireland, na umati mwingi ule ni wa askari wa akiba wa huko. Wakati huo idara ya maveterani ya Marekani ilifungua laini ya simu kwa wazee walioumizwa na kumbukumbu baada ya kuiangalia. Ila baada ya ufukwe, mnisamehe, inarudi kuwa picha ya kawaida: hotuba, mdunguaji anayesali kabla ya kufyatua, daraja la mwisho.

Nimeanza. Leteni zenu, na mseme kwa nini. Ukitaja jina tu bila sababu tutakurudisha.

Kochi la Nyuma

Naweka kambi hapa. Nimesoma mpaka mwisho, ila mimi yule wa kifua wazi usimguse mkuu.

Mkanda Mrefu

Uzi mzuri. Kazi yangu ni sauti, kwa hiyo naomba niingie kupitia masikio.

Risasi ya bunduki ya vita inakimbia kuliko sauti. Ikikupita karibu, kwanza unasikia mlio mkali wa kupasuka, kama mjeledi, kwa sababu ya hewa inayochanwa na risasi yenyewe. Ndipo baadaye unakuja mshindo mzito wa bunduki iliyoifyatua. Mpigaji akiwa mita 300, kati ya mlio wa kwanza na wa pili kuna takriban nusu sekunde. Askari aliyezoea anakadiria umbali kwa pengo hilo. Kwenye filamu nyingi sauti hizo mbili zimebanwa kuwa moja, "pwaa", tena inakuja kutoka kwenye mtutu unaouona. Ndiyo maana mtazamaji haelewi kwa nini askari wa kweli hajui anapigwa kutoka wapi. Mtazamaji ameshaambiwa, askari hajaambiwa.

Milipuko nayo ni uongo mtupu. Lile tanuru la moto wa rangi ya machungwa linalopanda taratibu ni petroli. Fundi wa milipuko anaiweka kwa sababu inapendeza na ni salama zaidi kuidhibiti. Kombora la mzinga likitua ni mwako wa kufumba na kufumbua, halafu vumbi jeusi na kijivu, na vipande vya chuma ambavyo kamera haiwezi kuviona. Vipande hivyo ndivyo vilivyoua. Katika vita zote mbili kuu za dunia, mizinga na makombora viliua na kujeruhi askari wengi kuliko risasi za bunduki. Kwenye filamu mambo yamegeuzwa: bunduki inaua wote, kombora linarusha watu hewani tu.

Kuhusu ile Omaha ya Spielberg, mwongozaji wa Saving Private Ryan, ule mtikisiko mnaousema "uhalisia" ni ufundi wa kamera. Kwa kawaida kizibo kinachozunguka ndani ya kamera (shutter) hufunguka nusu mzunguko kwa kila picha, ndiyo maana mwendo unaonekana laini. Kamiński, mpiga picha wake, alikipunguza hadi robo mzunguko na hata nusu ya hapo, kila picha ikawa kali kama kisu na mwendo ukawa wa kukatikakatika. Mchanga unaoruka unauona punje kwa punje. Alitoa pia utando wa kinga kwenye lenzi ili mwanga uchafuke kama wa kamera za miaka ya 1940. Kwa hiyo tunachokiita halisi pale ni kumbukumbu yetu ya filamu za habari za zamani.

Na zile risasi zinazoua watu ndani kabisa ya maji? Risasi ya kasi hupoteza nguvu ndani ya takriban mita moja ya maji, nyingine hupasuka kabla. Inapendeza kwa macho, basi.

Handaki la Pili

Mkanda Mrefu, hapo kwenye mlio na mshindo umenipa kitu. Kuna filamu iliyolipatia hilo?

Mkanda Mrefu

Za maandishi (dokumentari), ndiyo, kwa sababu maikrofoni haina adabu. Sikiliza Restrepo ya 2010. Kwa filamu za kuigiza, Warfare ya 2025 imejitahidi kuliko nyingi. Hakuna muziki wa kukuambia sasa uogope. Kuna redio, kuna mtu analia, na baada ya mlipuko masikio yanaziba na yanachukua muda kufunguka, si sekunde tatu za "piiii" halafu mambo yakaendelea.

Sajini Asiye na Kwata

Nimekuwa nikipita tu kwenye nyuzi hizi, leo naandika. Nimetumikia jeshi la miguu, wapi na lini si muhimu.

Handaki la Pili amesema adui haonekani. Kweli. Lakini mimi nikiangalia filamu, kabla hata ya adui kutajwa nimeshajua kama walioitengeneza walimuuliza mtu anayejua. Naangalia mambo madogo.

Kwanza umbali. Kwenye filamu askari kumi wanatembea wamebanana ili wote waenee kwenye picha na waweze kuongea. Sajini wangu angewatoa roho. Mnaachana mita kadhaa, kwenye uwazi zaidi, ili bomu moja lisiwachukue wote. Matokeo yake hamuongei. Mnaenda saa nne bila kusema neno, kwa ishara za mkono.

Mzigo. Askari wa miguu anabeba kilo 30 na kuendelea: risasi, maji, betri, chakula, na kitu cha mwenzake mgonjwa. Kwenye filamu begi limejazwa sponji, unaliona linavyorukaruka mgongoni. Mtu mwenye mzigo wa kweli hakimbii vile. Anainama, anaburuza, na akilala chini kuinuka ni shughuli.

Risasi. AK inatoa takriban risasi 600 kwa dakika na magazini yake ina 30. Ukibana kifyatuo bila kuachia, sekunde tatu umebaki na chuma. Sasa hesabu wewe mwenyewe yule bwana wa kifua wazi amefyatua sekunde ngapi.

Halafu kuna hili ambalo raia hawalielewi. Risasi nyingi vitani hazipigwi ili zimpate mtu. Zinapigwa ili adui ainamishe kichwa. Seksheni moja inamwaga moto, nyingine inasogea; ikifika, inalala na kumwaga moto, ile ya kwanza inasogea. Ndiyo kazi yote ya askari wa miguu, mengine ni mapambo. Ukitaka kuiona imeelezwa vizuri, tafuta sehemu ya pili ya mfululizo wa TV Band of Brothers (2001), pale Brécourt, Normandia, Juni 6, 1944. Watu kumi na wachache wanaishambulia mizinga minne ya milimita 105 iliyochimbiwa. Hakuna shujaa anayekimbia peke yake akipiga kelele. Rashasha zinawekwa pembeni, zinaanza, wengine wanaingia kupitia handaki, mzinga mmoja baada ya mwingine.

Mwisho ni mazungumzo. Usiku kabla ya mapigano hakuna anayetoa hotuba kuhusu mama yake na shamba la mahindi. Watu wanabishana nani ameiba kijiko. Ndiyo maana mimi Generation Kill (2008) naiweka juu. Ni mfululizo wa TV wa sehemu saba, wanamaji wa Marekani, Iraki 2003, na zaidi ya nusu ni wanaume ndani ya gari wakitukanana, wakiimba vibaya, wakilalamika kuwa hakuna betri za miwani ya usiku huku sajini meja anahangaika na urefu wa masharubu yao. Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Masharubu! Jeshi lolote duniani lina mtu huyo.

Kochi la Nyuma

Sajini umenivunjia utoto wangu na hesabu ya sekunde tatu. Mungu anakuona.

Bibi Kamera

Kaka zangu, mnaongelea sana bunduki. Naomba nilete nyingine. Come and See ya Elem Klimov, 1985. Mvulana wa Belarus anafukua bunduki mchangani ili ajiunge na wapiganaji wa msituni. Filamu nzima ni uso wake unavyozeeka. Kuna bomu linaloanguka karibu naye, masikio yanaziba, na sauti ya filamu yote inabaki imeziba kwa muda mrefu hadi wewe mwenyewe unataka kupiga sikio. Katika baadhi ya matukio walitumia risasi za moto, na ukimwona yule kijana amelala chini huku mistari ya risasi inapita juu, hofu ile haikuigizwa yote.

Handaki la Pili

Dada, filamu hiyo naiheshimu na sitaki kuirudia. Lakini ni ya raia na wapiganaji wa msituni zaidi kuliko askari wa miguu. Tukiiingiza, uzi utakuwa wa filamu zote za vita.

Bibi Kamera

Na nani alikuwa amebeba bunduki wakati vijiji vile vinachomwa? Askari wa miguu. Ukitaka askari kama alivyo, usimchague siku anayoteseka tu. Platoon (1986) inapendwa kwa sababu Oliver Stone alipigana Vietnam mwenyewe, Divisheni ya 25, akajeruhiwa mara mbili. Sawa. Lakini kinachoipa uzito ni pale kijijini, vijana wale wale uliowahurumia jana kwa sababu ya siafu na usingizi wanavyogeuka. Jeshi la Marekani lilikataa kumsaidia kwa vifaa, akaenda kuipigia picha Ufilipino. Linganisha na Black Hawk Down (2001), ambako jeshi lilitoa helikopta na askari wake. Anayekopesha helikopta huwa anasoma mswada kwanza.

Handaki la Pili

Hapo sina ubishi.

Upande wa Pili

Bibi Kamera amefungua mlango ninaoutaka.

Black Hawk Down kwa vipimo vyote vya Sajini ni kazi safi. Mbinu zipo, redio zipo, mkanganyiko wa mitaa upo. Oktoba 3 na 4, 1993, Mogadishu, Wamarekani 18 walikufa katika mapigano yale, na filamu inakufanya umjue karibu kila mmoja. Wasomali waliokufa ni mamia, wakiwemo wanawake na watoto. Wao wako wapi? Ni umati unaotokea kona ya barabara, unaanguka, unatokea mwingine. Filamu yenyewe ilipigwa Morocco, na hutaona Msomali akiigiza nafasi yoyote kubwa.

Kwa hiyo naomba niulize: uhalisia wa nani? Mnaweza kupatia mlio wa risasi, umbali kati ya askari na idadi ya magazini, na bado mkadanganya kuhusu vita nzima.

Na kuna wale ambao sinema iliwasahau kabisa ndani ya jeshi lenyewe. Indigènes ya Rachid Bouchareb, 2006. Vijana wa Afrika Kaskazini wanapigania Ufaransa kutoka Italia hadi Alsace. Wanatangulizwa mlimani ili mizinga ya adui ijionyeshe inapowapiga. Wananyimwa nyanya mezani ambazo Wazungu wanapewa, na hapo nusura uasi utokee. Pensheni za maveterani kama hao Ufaransa ilikuwa imezigandisha tangu 1959, nchi zao zilipokuwa zikijitawala. Filamu ilipotoka, Rais Chirac akaiangalia, na mwaka huo huo serikali ikaamua kuzisawazisha. Niambieni filamu nyingine ya vita iliyobadilisha hundi ya mzee.

Sajini Asiye na Kwata

Upande wa Pili, nakuelewa na sehemu kubwa nakubali. Ila naomba ulipokee hili kutoka kwa mtu aliyekuwa chini: askari mwenyewe hamjui adui. Filamu inayomfuata askari mmoja wa Kimarekani barabarani Mogadishu, ikakatisha kwenda kumweleza Msomali nyumbani kwake, imeshatoka kwenye macho ya askari. Inakuwa filamu nyingine. Nzuri pengine, lakini nyingine.

Upande wa Pili

Basi waitengeneze hiyo nyingine nayo. Kwa miaka yote hii wanatengeneza ile ile.

Kumbukumbu za Zamani

Niingie na historia kidogo, maana naona filamu za maandishi zinapewa heshima bila kukaguliwa.

Mwaka 1916 Waingereza walitoa The Battle of the Somme, kuhusu mapigano ya Somme ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, iliyopigwa na watu wawili waliokuwa huko huko, Malins na McDowell. Mamilioni waliiona ikiwa vita bado vinaendelea. Kile kipande maarufu kuliko vyote, askari wanatoka handakini na mmoja anateleza kurudi chini amekufa, kiliigizwa nyuma ya mstari wa mapigano. Hakuna namna kamera nzito ya miguu mitatu ingesimama pale. Maiti na majeruhi wengine mle ndani ni wa kweli. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa, kweli na maigizo vimeshonwa pamoja, na kile kilichoigizwa ndicho kinachorudiwa mpaka leo watu wakitaka kuonyesha "vita ilivyokuwa".

Na Handaki la Pili, ungependa kazi za mwongozaji Pierre Schoendoerffer. Alikuwa mpiga picha wa jeshi la Ufaransa, akatekwa Dien Bien Phu, ngome ya Wafaransa huko Vietnam, ilipoanguka mwaka 1954. Mwaka 1965 akatengeneza La 317e Section, nyeusi na nyeupe, ndani ya misitu ya Kambodia. Platuni ya askari wa Kilao na Wafaransa wachache inaambiwa irudi nyuma kwa miguu, siku chache kabla ngome hiyo kuanguka. Luteni mgeni na msaidizi wake mkongwe hawaelewani kuhusu jambo moja tu: majeruhi wabebwe au waachwe. Hiyo ndiyo hadithi yote. Kila machela inawachelewesha, kila kuchelewa kunaleta machela nyingine. Baadaye alirudi Vietnam na kamera, akaifuata platuni ya Kimarekani iliyoongozwa na Luteni Joseph Anderson, afisa mweusi. La Section Anderson ikapata tuzo ya Oscar ya filamu ya maandishi. Wanatembea, wanakula, wananyeshewa, wanavamiwa, mmoja anapata likizo Saigon, wanatembea tena.

Handaki la Pili

La 317e Section niliiona zamani kwenye nakala mbovu. Yule mkongwe ni mhusika bora wa askari niliyewahi kumwona. Haamini chochote isipokuwa kufika.

Niongeze na Wafini, ambao naona ndio waliomwelewa zaidi askari wa kawaida. Väinö Linna alihudumu kwenye kombania ya rashasha katika vita dhidi ya Wasovieti, akaandika riwaya ya askari asiyejulikana, Tuntematon sotilas, mwaka 1954. Imeshafanywa filamu mara tatu: 1955, 1985 na 2017. Ile ya 1955 huonyeshwa kwenye televisheni ya huko kila siku ya uhuru, Desemba 6. Ya 2017 ilionwa na watu takriban milioni moja katika nchi yenye milioni tano na nusu. Na ni filamu ya walioshindwa! Wanasonga mbele nusu ya kwanza, wanarudi nyuma nusu ya pili, na njiani wanawadharau maafisa wao kwa lugha tamu. Mpiganaji bora kikosini, Rokka, ni mkulima anayekataa kupiga saluti na kupanga mawe pembeni ya njia. Anapigana kwa sababu anataka shamba lake lirudi. Akimaliza kazi anauliza chakula kiko wapi.

Fundi Saa

Mbona hakuna aliyetaja filamu ya 1917, ile ya Vita Kuu ya Kwanza? Filamu nzima kama pumzi moja, kamera inaonekana kama haikatiki. Mimi nilihisi nipo handakini.

Mkanda Mrefu

Kwa ufundi, Deakins, mpiga picha wake, ni mwalimu wetu sote. Lakini kamera ile inateleza, haijikwai hata mara moja. Vijana wanaanguka kwenye matope, yenyewe inaelea juu ya shimo la maji. Mimi nilimhisi mpiga picha zaidi kuliko nilivyowahisi askari.

Handaki la Pili

Na wale Wajerumani wanaokosa shabaha hatua ishirini! Fundi Saa, sehemu ya kwanza, hadi wanapoingia kwenye mahandaki yaliyoachwa, ni nzuri mno. Baada ya hapo yule kijana ana hirizi.

Fundi Saa

Mnaua ladha.

Sajini Asiye na Kwata

Kama unataka mtu asiye na hirizi wala bahati, angalia Jarhead (2005). Mdunguaji wa wanamaji, vita vya Ghuba 1991. Anafundishwa miezi mingi, anakaa jangwani anangoja, anang'oa misumari ya akili yake mmoja mmoja. Vita vinaisha ndani ya siku chache na hajampiga risasi mtu hata mmoja. Shabaha yake pekee, afisa anakuja kuizuia kwa sababu ndege zitashughulikia. Wapo wanaosema haina vita. Kungoja ndiko vita kwa wengi.

Kochi la Nyuma

Hiyo nililala. Lakini sasa nimeelewa kwa nini nililala.

Mkanda Mrefu

Turudi kwa Warfare. Handaki la Pili umeiacha kwa makusudi?

Handaki la Pili

Kwa makusudi. Ni tukio la Novemba 2006, Ramadi, Iraki, makomando wa Kimarekani wamezingirwa ndani ya nyumba, na mmoja wa waongozaji, Ray Mendoza, alikuwemo ndani ya nyumba ile. Hakuna hadithi ya pembeni, hakuna picha ya mchumba mfukoni. Kama filamu naikubali. Ila wale ni makomando wa jeshi la majini. Wana ndege za kuwapitia juu na magari ya deraya ya kuwachukua. Uzi ni wa askari wa kawaida.

Sajini Asiye na Kwata

Ukilala sakafuni mguu umekatika, ukomando unabaki mlangoni. Mimi kilichonikamata ni lile tendo la kumvuta majeruhi. Kwenye filamu nyingine mtu anabebwa begani kama mto. Pale anaburuzwa, ana vifaa, ana damu inayoteleza, anapiga kelele kwa sababu wanamuumiza, mwingine anaukanyaga mguu wake kwa bahati mbaya. Na yule anayejaribu kumchoma dawa ya maumivu anaishika sindano kinyume. Hayo hayaandikwi na mtu wa mezani.

Upande wa Pili

Na ile familia ya Kiiraki iliyofungiwa chumbani, ambayo nyumba yao ndiyo inayobomolewa? Dakika za mwisho wanatoka wanauliza kwa nini. Filamu inaondoka na makomando.

Bibi Kamera

Lakini iliwaacha waulize. Zamani wasingekuwepo hata chumbani.

Upande wa Pili

Nakubali hilo dada. Sasa niwape moja, na inaigusa hoja ya mwanzisha uzi moja kwa moja. Cánh đồng hoang, ya Vietnam, 1979, ya Nguyễn Hồng Sến. Mume, mke na mtoto mchanga wanaishi kwenye kibanda katikati ya mbuga za maji za delta ya Mekong, kazi yao kulinda njia ya mawasiliano ya wapiganaji. Helikopta za Kimarekani zinakuja kila mara kuwasaka. Wakizisikia wanazama majini, na mtoto wanamtia kwenye mfuko wa plastiki na kumzamisha nao. Handaki la Pili anasema adui asionekane. Hapa adui anaonekana muda wote, mchana kweupe, unamwona mpaka rubani na kofia yake. Anayepaswa kutoonekana ni wao.

Handaki la Pili

Hiyo sijaiona, na kipimo changu umekipiga pabaya. Nilikuwa nawaza askari mwenye mizinga nyuma yake na mwenzake wa upande wa pili aliye sawa naye. Kwa asiye na kitu juu angani, adui kuonekana ndiyo mateso yenyewe.

Sajini Asiye na Kwata

Wanapiga helikopta na nini?

Upande wa Pili

Bunduki tu, tena mara chache. Ukipiga umejionyesha. Nusu ya filamu wanavua samaki na kugombana kuhusu mtoto.

Sajini Asiye na Kwata

Basi hao wanaijua kazi. Naitafuta leo.

Kochi la Nyuma

Mtoto kwenye mfuko wa plastiki? Mimi narudi kwa kifua wazi. Endeleeni wakuu, nipo nasoma.